UZI: Fainali 8, kombe 1. Tatizo la timu za MLS mbele ya Wameksiko ni benchi, si mwinuko

Kiungo Mkabaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Kombe la Mabingwa la CONCACAF (vilabu vya Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani) likifika ukingoni nasoma maelezo yale yale: timu za MLS, ligi ya Marekani na Kanada, zinapigwa na Wameksiko kwa sababu ya mwinuko wa Mexico City, waamuzi, na kelele za mashabiki. Nimekaa na matokeo ya fainali zote walizokutana na naona maelezo hayo hayashiki. Naomba tujadili kwa namba.

Kuanzia 2006 hadi 2021 kombe hili lilibebwa na timu ya Meksiko kila mwaka, miaka 16 mfululizo. Seattle Sounders wakaja kuwakatisha 2022. Baada ya hapo León 2023, Pachuca 2024, Cruz Azul 2025, mambo yakarudi kule kule. Ndani ya kipindi hicho chote timu za MLS zimefika fainali 8 na kila mara aliyesimama upande wa pili ni Mmeksiko: Real Salt Lake 2011, Montréal 2015, Toronto 2018, LAFC 2020, Seattle 2022, LAFC tena 2023, Columbus 2024 na Vancouver 2025. Wamebeba moja.

Sasa toeni zile tatu za mechi moja tu: ya 2020, iliyochezwa Orlando kwa sababu ya korona, na za 2024 na 2025 zilizopigwa Meksiko. Zinabaki 5 za nyumbani na ugenini. Ziangalieni vizuri.

Salt Lake walienda Monterrey wakatoka 2-2. Wakarudi kwao, uwanja ambao walikuwa hawajafungwa kwa muda mrefu mno, Humberto Suazo akawapiga moja kabla ya mapumziko na mechi ikaishia hapo. Montréal walienda kwa América, uwanja wa Azteca, Mexico City, mwinuko wote ule, wakaongoza kwa goli la Ignacio Piatti na kurudishiwa mwishoni, 1-1. Nyumbani, mbele ya watu zaidi ya 60,000, wakala 4-2, Darío Benedetto akifunga matatu na kuondoka na mpira wake. Toronto ndiyo wanaoniuma zaidi: wameshinda Guadalajara 2-1, Meksiko, fainali! Lakini nyumbani walikuwa wameshafungwa 2-1, wakaenda matuta na Michael Bradley akapaisha. LAFC 2023 walipoteza León 2-1 wakiwa na goli moja mkononi la Denis Bouanga, lililotakiwa kuwa mtaji. Nyumbani Los Angeles wakafungwa 1-0.

Ya tano ni Seattle 2022 dhidi ya Pumas, 2-2 kule na 3-0 nyumbani. Kwa hiyo ugenini Meksiko kwenye fainali hizo 5: ushindi 1, sare 3, kipigo 1. Nyumbani kwao: ushindi 1, vipigo 4.

Kama mwinuko na kelele ndiyo tatizo, mbona wanafia sebuleni kwao?

Msimamo wangu: wachezaji 11 wa kwanza wa timu nzuri ya MLS wanaweza kucheza na yeyote kwenye ukanda ule. Kinachowaua ni mchezaji wa 12 hadi wa 18, na aliyewafanya wawe hivyo ni ligi yenyewe kwa kanuni zake za mishahara. Karibuni.

---

Mzee wa Kipyenga

Mkuu uzi mzuri, ila mwinuko usiudharau hivyo. Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari, Pachuca 2,400 hivi, Toluca inapita 2,600. Fainali za 2024 na 2025 zimepigwa huko juu na matokeo tumeyaona: Columbus kafungwa 3-0, Vancouver kafungwa 5-0. Mpira unaruka haraka, kipa anahesabu vibaya, na dakika ya 60 miguu haipo. Wewe umechagua zile 5 zinazokusaidia hoja yako.

---

Kiungo Mkabaji

Mzee wangu, shikamoo. Sijazichagua, hizo ndizo zote za mikondo miwili. Na mwinuko sisemi haupo. Nasema hauelezi jambo zima.

Chukua Monterrey. Mji ule uko mita kama 540 tu, na hao ndio wamewatesa MLS kuliko karibu timu nyingine yoyote. Nusu fainali ya 2019 waliwapiga Sporting Kansas City 5-0 nyumbani, wakaenda Kansas City wakawapiga 5-2. Jumla 10-2! Hapo mwinuko ulikuwa wapi? Inter Miami ya Messi 2024, robo fainali, wamefungwa na Monterrey hao hao 2-1 Florida, usawa wa bahari kabisa, halafu 3-1 kule.

Na hiyo 5-0 ya Vancouver naomba tuiangalie kwa karibu, maana ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Uwanja ni Olímpico Universitario wa Pumas. Vancouver walikuwa wamecheza pale pale kwenye robo fainali, wakatoka sare 2-2 na kufuzu kwa goli la ugenini la Tristan Blackmon dakika za majeruhi. Mwinuko ule ule, nyasi zile zile. Tofauti nini? Fainali walimkosa Sebastian Berhalter kwa kadi. Ryan Gauld alikuwa majeruhi wa muda mrefu. Katikati pakabaki wazi, na wanaenda mapumziko tayari 4-0.

Rudi 2011 uone: Salt Lake waliingia mechi ya marudiano bila nahodha Kyle Beckerman. Kadi. Miaka 14 katikati na hadithi haijabadilika, anatoka kiungo mmoja na timu nzima inaanguka. Cruz Azul akimkosa kiungo anaita mwingine anayelipwa karibu sawa na yule.

---

Dada wa Ohio

Wapendwa, mimi naishi huku Columbus na nimeifuata Crew miaka sasa, acha niwaeleze hizi kanuni za mishahara maana watu wengi nyumbani hawazijui.

MLS si kama ligi za Ulaya. Ligi inaweka kikomo: mwaka 2025 bajeti ya mishahara ya kikosi ilikuwa dola milioni 5.95, na mchezaji mmoja hakuweza kuhesabiwa zaidi ya dola 743,750 ndani yake. Bajeti hiyo inatakiwa itoshe hadi wachezaji 20. Juu yake unaruhusiwa nyota wachache wa kulipwa nje ya kikomo, kanuni iliyoanza 2007 wakati David Beckham anakuja LA Galaxy, na sasa ni watatu. Kuna na mafungu ya ziada, na nafasi za vijana chini ya miaka 22, lakini umbo la kikosi linabaki lile lile: watatu wanalipwa kifalme, wachache wanalipwa vizuri, waliobaki wanalipwa kawaida tu.

Messi peke yake anapokea zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka. Yaani mtu mmoja ni zaidi ya mara tatu ya kikomo cha kikosi kizima. Matajiri wa timu hizi wana hela, na wengi wao wangetaka kumwaga. Hawaruhusiwi kumwaga pale panapotakiwa.

Meksiko hakuna kikomo cha namna hiyo. Tigres wana Cemex nyuma yao, kampuni ya saruji. Monterrey wana FEMSA. América wana Ollamani, kampuni iliyotoka ubavuni mwa Televisa. Wakitaka kununua beki wa akiba wa dola milioni 5 wananunua.

Nilikuwa uwanjani Crew walipomfunga Monterrey 2-1, Aprili 2024. Wenzetu walipoanza kubadilisha wachezaji kipindi cha pili, jamaa wa Kimeksiko aliyekaa mbele yangu alikuwa anamtajia mwanawe kila anayeingia: huyu timu ya taifa, huyu alikuwa Ulaya. Upande wetu aliingia Jacen Russell-Rowe, kijana ambaye mshahara wake haufikii hata robo ya wale, na ndiye aliyetufungia la ushindi. Nililia. Lakini siku zote huwezi kuishi kwa bahati ya kijana mmoja.

Na fainali ya Pachuca mjue pia kikosi kiliugua kwa sababu ya chakula kabla ya mechi, kocha Wilfried Nancy alilisema mwenyewe. Salomón Rondón akafunga mawili. Sisemi tungeshinda. Ila timu yenye benchi ikiugua inapunguza, sisi tulicheza na wagonjwa.

---

Kiungo Mkabaji

Dada ahsante sana, hiki ndicho nilichokuwa natafuta, mtu aliye jirani na jambo lenyewe.

Niongeze kwenye hoja yako. Angalieni kinachowapata wale wanaofika mbali. Toronto 2017 walibeba kila kitu nyumbani, ligi na kombe la Kanada. 2018 wakaenda fainali ya CONCACAF wakiwa wamewatoa Tigres na América, kazi ya kiume kabisa. Msimu huo huo kwenye ligi hawakuingia hata mtoano! Seattle 2022 wamebeba kombe lenyewe, na mwaka huo ndio wa kwanza tangu waingie MLS 2009 kukosa mtoano. Kikosi chembamba kikibebeshwa mashindano mawili kinakatika upande mmoja. Wameksiko wanacheza ligi mbili kwa mwaka, Apertura na Clausura, pamoja na mashindano haya, na wanaendelea kupumua.

---

njoro_wa_Eastlands

Mimi ni Mkenya na MLS nilianza kuitazama kwa sababu ya Victor Wanyama pale Montréal. 2022 walimtoa Santos Laguna, kipigo cha 1-0 kule Meksiko kisha 3-0 nyumbani. Nikasema mwaka huu ni wetu. Robo fainali wakakutana na Cruz Azul: 1-0 Azteca, 1-1 Montréal, kwisha.

Hoja ya benchi naikubali, lakini ndugu zangu mnasahau kichwa. Zile mechi mbili za Cruz Azul hazikuwa za timu iliyozidiwa uwezo. Zilikuwa za timu inayojua jinsi ya kulinda goli moja dhidi ya timu isiyojua jinsi ya kulitafuta. Mmeksiko akiongoza anaua mechi: anaanguka, anachelewesha mpira wa kurusha, anapiga pasi 20 nyuma. Hana haraka. Timu ya MLS ikihitaji goli moja inakuwa kama watu wanaokimbilia matatu ya mwisho usiku.

Hilo huwezi kununua kwa kuongeza mishahara. Linajengwa kwa kushinda.

---

Kiungo Mkabaji

Njoro kaka, nakubaliana nawe nusu. Hali ya kichwa ipo. Lakini utulivu huo unatoka wapi? Kocha wa Cruz Azul akiangalia benchi dakika ya 70 anaona watu wanne wa kumfungia mechi. Mwenzake anaona mtoto wa akademi na beki wa miaka 35. Hata mimi ningekimbia.

Halafu tazama Seattle, maana wao walivunja mwiko. Fainali ya 2022, mechi ya kwanza Pumas walikuwa mbele 2-0, Nicolás Lodeiro akarudisha zote kwa penalti, ya pili ikiwa dakika ya tisa ya majeruhi. Marudiano watu 68,741 uwanjani, rekodi ya mashindano. Mapema tu João Paulo anaumia goti na Nouhou Tolo, yule Mkameruni, naye anatoka. Kwa timu nyingine ya MLS hapo ndipo mechi inapokufa. Brian Schmetzer akamwingiza Obed Vargas, miaka 16! Na Kelyn Rowe upande wa kushoto. Ikaisha 3-0, Raúl Ruidíaz mawili na Lodeiro moja, na Stefan Frei golini akachukua tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Seattle walishinda kwa sababu mwaka ule walikuwa na watu wa kuingia.

---

Winga Teleza

Nyie mnaishi 2018. Dunia imehama. Mmeshindwa kutaja Leagues Cup, mashindano ya timu za MLS na za Meksiko, hata mara moja?

Julai 31, 2025 Seattle wamempiga Cruz Azul SABA BILA. Huyo huyo Cruz Azul aliyempa Vancouver tano miezi miwili kabla. Timu zote nne za nusu fainali ya Leagues Cup 2025 zilikuwa za MLS: Seattle, Galaxy, Miami, Orlando. Hakuna Mmeksiko hata mmoja. Fainali Seattle 3-0 Miami. 2023 Miami kachukua, 2024 Columbus kachukua. Tangu wapanue mashindano yale Wameksiko hawajagusa kombe.

Mei 31, 2025 LAFC wamemfunga América 2-1 kwenye dakika za ziada, Bouanga akamaliza kazi, wakaenda Kombe la Dunia la Vilabu na kuvuna dola milioni 9.5. Mechi ya kufa na kupona, Mmeksiko kalala. Huko kudidimia mnakoongelea kuko wapi?

---

Kiungo Mkabaji

Winga, umeleta hoja nzito na naiheshimu. Hiyo ya LAFC na América naipokea yote, ilikuwa mechi ya mkazo na walionyesha moyo. Ila kumbuka nafasi ile ilipatikana baada ya León kuondolewa kwa kuwa na mmiliki mmoja na Pachuca, na mechi ilipigwa Los Angeles.

Leagues Cup kuanzia 2023 hadi 2025 mechi zote zilichezwa Marekani na Kanada. Timu ya Meksiko ingeweza kufika fainali bila kucheza nyumbani hata dakika moja, inazunguka kwenye ndege mji hadi mji. Na ilichezwa Julai na Agosti, wakati MLS wako katikati ya msimu, miguu imeshika moto, Wameksiko ndio kwanza wameanza Apertura. Geuza kalenda uone: Kombe la Mabingwa linaanza Februari mwanzoni, MLS wenyewe wanaanza ligi mwishoni mwa Februari. Hatua za mwanzo wanacheza na watu ambao tayari wana mechi za Clausura tangu Januari.

Ile saba bila ni halali na Seattle walicheza mpira mkubwa. Inaonyesha wachezaji wapo, na hilo ndilo ninalolisema tangu juu.

---

Winga Teleza

Sasa mkuu umejifunga mwenyewe. Kama kalenda inawabeba Leagues Cup, basi kalenda ndiyo inayowaangusha CONCACAF. Hoja ya benchi iko wapi?

---

Kiungo Mkabaji

Kalenda inaweza kueleza kipigo cha Februari na Machi. Fainali za 2024 na 2025 zimechezwa Juni 1. MLS wana miezi mitatu na zaidi ya mechi miguuni, hakuna mtu anayetafuta pumzi tarehe hiyo. Na hapo ndipo walipofungwa 3-0 na 5-0. Juni, baada ya safari zote zile, ndipo wembamba wa kikosi unapojitokeza.

---

Mwana Kasulu

Wakuu mimi nimeingia kwenye hii ligi kwa ajili ya mtu mmoja, Bernard Kamungo wa FC Dallas. Kazaliwa Kasulu kwetu, kambini, wazazi Wakongo, akaenda Texas akiwa kijana, akapita kwenye majaribio ya wazi kabisa mpaka timu kubwa, na Marekani wakampa jezi ya taifa 2024. Siku anaifunga Miami ya Messi kwenye Leagues Cup 2023, ile ya 4-4, mtaa wetu ulipiga kelele kama ni Kigoma imeshinda.

Swali langu kwa wenye kujua: Dallas wamewahi kufika karibu kwenye hili kombe la mabingwa?

---

Mzee wa Kipyenga

Wamefika kijana wangu. Nusu fainali 2017, na ilikuwa chungu. Walimfunga Pachuca 2-1 Texas. Marudiano walikuwa nyuma 2-1, jumla 3-3, wanaelekea dakika za ziada, dakika za majeruhi Hirving Lozano akafunga la tatu. Pachuca akaenda kubeba kombe.

Na nyie vijana msidhani historia ilianza 2006. DC United ya Bruce Arena ilibeba kombe hili 1998, Eddie Pope akamfunga Toluca 1-0 pale Washington. Ligi ilikuwa na miaka miwili tu! Kisha wakaenda kumfunga na Vasco da Gama wa Brazil kwenye Kombe la Interamericana. Kwa hiyo Mmeksiko kufungika anafungika tangu zamani.

---

Dada wa Ohio

Kuna jambo limenikereketa kwenye ile fainali ya Vancouver ambalo hamjaligusa. Moja ya mabao ya Cruz Azul kafunga Mateusz Bogusz. Huyu alikuwa LAFC hadi mwanzoni mwa 2025! Msimu wa 2024 alikuwa moto, Cruz Azul wakaja na hela, wakaondoka naye, na miezi michache baadaye anaifunga timu ya MLS fainali. Mchezaji akishapanda kiwango, timu ya MLS inalazimika kuchagua: umfanye mmoja wa wale watatu, au umuuze. Watatu wakishajaa unauza tu. Wameksiko wanalijua hilo na wanakaa mlangoni wakisubiri.

---

njoro_wa_Eastlands

Dada hapo umenifumbua macho, ya Bogusz sikuwa nimeyaunganisha. Swali kwa wote basi. Novemba 2025 wamiliki wa MLS wamepitisha kubadilisha kalenda: kuanzia msimu wa 2027-28 wataanza katikati ya Julai na kumaliza mwishoni mwa Mei, kama Ulaya. Mnaona itawasaidia mbele ya Wameksiko?

---

Winga Teleza

Itawasaidia sana. Februari watakuwa katikati ya msimu kama wenzao, na dirisha kubwa la usajili litalingana na la dunia nzima. Nipeni miaka mitatu kuanzia hapo, tutakuwa tunaandika uzi wa Wameksiko kulia.

---

Kiungo Mkabaji

Hatua za mwanzo naamini itasaidia. Tutaona timu nyingi zaidi za MLS zikifika robo na nusu. Ila fainali, Winga, bado nakwambia hapana, mpaka kikomo kile kifumuliwe. Wasiongeze nyota wa nne. Hiyo itawapa bango lingine la kupiga picha. Waachie timu ilipe vizuri mchezaji wa 8 hadi wa 18. Columbus angeweza kumbakisha kiungo wa akiba wa maana, LAFC angembakisha Bogusz, Vancouver angekuwa na mtu wa kukaa badala ya Berhalter siku ile.

Nina hasira na hili kwa sababu nawapenda hawa watu. Toronto ile ya 2018 ilistahili kombe. Dakika za mwisho Guadalajara, Marky Delgado alipata mpira ndani ya boksi, lango liko mbele yake, akapaisha. Lile goli lingemaliza kila kitu kabla ya matuta. Bado nikiliona napata kidonda.

Winga, miaka mitatu uliyoiomba nimekuandikia. Kuanzia 2028.

---

Winga Teleza

Sawa mkuu. Uzi usifungwe basi.